Mchanga wa Wageni

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mimi niliyemaliza kazi na sina tena haja ya kujua ni saa ngapi, kisha mkaniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kupima udongo. Nimekubali, lakini sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilichelewa na mishahara ilichelewa zaidi. Nitaandika hasa nilivyokosea, kwa kuwa hilo hamtalikuta ofisini. Tuna mafaili ya kila kitu, hata ya viti vilivyovunjika, lakini faili la makosa hatuna.

Wengine wenu ni wageni katika kazi hii, kwa hiyo niieleze. Tunachimba udongo, tunaukausha, tunautwanga na kuuchekecha, tunauchemsha kwa tindikali, kisha mashine inatuambia mna nini ndani yake. Tunachotafuta ni metali nzito: risasi, kadimiamu, zebaki na ndugu zao. Hizi zikishaingia udongoni haziozi, wala haziondoki na masika. Mtoto akila udongo huo, au akinyonya kidole chenye vumbi lake, risasi humwingia damuni na kumharibu ubongo polepole, mara nyingi bila homa, bila upele, bila dalili yoyote ya kumshtua mama yake. Ndiyo maana kazi hii hukera. Unamwambia mtu ana adui uwanjani, naye akitazama anaona kuku.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na udongo kutoka kwetu Bofu, upande wa Likoni. Nilikuwa nimeutia katika kopo la mafuta ya kupikia, nimefunika vizuri, na nimeandika tarehe kwa mwandiko wa kupendeza. Nilijiona msomi kwelikweli. Fundi wa maabara siku hizo alikuwa Mzee Katana, mtu mfupi wa maneno machache, aliyevaa koti jeupe lililokuwa limetobolewa na tindikali kama chekeche.

"Umeniletea udongo au umeniletea kopo?" akauliza.

"Udongo, mzee."

"Na kutu je? Na rangi ya kopo je? Mashine haijui kupambanua. Itakusomea vyote."

Akatoka nje akaumwaga mbele ya macho yangu. Kisha akanivua pete, akanivua bangili, akaniuliza nimejipaka nini mikononi. Mwiko wa chuma ulikuwa haramu kwake. Tulichotea mwiko wa plastiki na kutia katika mifuko mipya. Ole wako akukute na andazi karibu na meza ya kazi. Nilimchukia kwa muda wa miezi miwili hivi.

Nikaacha kumchukia sampuli za Kisauni zilipotoka na zebaki ya kutisha. Tulikuwa tumeshaandika barua, tumeshaitisha kikao, na watu wameanza kuulizana kama wahame. Mzee Katana alishinda siku mbili akitutazama mikono. Siku ya tatu alimwomba mwenzetu mmoja, bwana mtanashati sana, amwonyeshe kopo lake la mafuta ya uso. Zebaki yote ilikuwa humo. Bwana yule alikuwa akijipaka asubuhi ili ang'ae, kisha anakuja kushika sampuli kwa mikono mitupu. Kisauni nzima ilikuwa imekoseshwa usingizi na uso wa mtu mmoja.

Mzee alikuwa na tabia nyingine iliyoniudhi: akifika mahali hakuchimba. Aliketi. Aliuliza nani alikuwa akikaa hapa zamani, nani anafagia hapa, takataka zinatupwa wapi. Saa nzima inakwenda hivyo, gari linangoja, jua linapanda. Mimi nilidhani ni uvivu wa uzee. Alipostaafu na kurudi kwao Kaloleni, nilijiambia sasa tutafanya kazi kwa kasi. Na kweli tuliifanya kwa kasi.

Msidhani watu walitusikiliza hata tulipokuwa sahihi. Karibu na Bombolulu kulikuwa na mzee mmoja aliyelima mchicha kando ya mtaro wa maji machafu. Nilimwendea mwenyewe na majibu mkononi.

"Mzee, mchicha huu una kadimiamu."

"Yaonekana?"

"Haionekani."

"Yanuka?"

"Hainuki."

"Basi mama, usitie shaka. Nitauosha mara mbili."

Wiki iliyofuata akaniletea fungu zima ofisini, zawadi, na akaniapia kwamba ameuosha mara tatu. Kuukataa ni matusi. Niliupokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaupima. Sitawaambia mashine ilisema nini, mnajua.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Upande wa Chaani, katika mtaa ambao sitautaja kwa jina, palikuwa na uwanja uliokuwa zamani karakana ya kuvunja betri kuukuu za magari. Risasi ya ndani iliyeyushwa pale pale, ikafanywa vizito vya kuzamishia nyavu za wavuvi. Mwenye karakana alishahama, hakuna aliyejua ameelekea wapi. Kanisa moja dogo likaukodi ule uwanja ili lifungue shule ya chekechea, na kanisa lilifanya jambo la busara kuliko ofisi nyingi ninazozijua: liliomba udongo upimwe kwanza. Nalisema hili mapema msije mkawalaumu wasiostahili.

Utaratibu wetu unataka barua iende wiki moja kabla, kupitia kwa mzee wa mtaa, kwamba wataalamu watafika siku fulani saa fulani. Barua ikaenda. Tulipofika, uwanja ulikuwa mweupe pe! Umefagiliwa kwa chelewa mpaka michirizi ya ufagio imekaa sambamba, hakuna jani wala kipande cha karatasi. Kina mama wa kanisa walikuwa wamejipanga mlangoni na leso zao mpya, na nyuma yao meza ina mahamri, mbaazi na chai ya maziwa. Aliyewaongoza alikuwa Mama Kache, bibi wa miaka sabini hivi, aliyekuwa ameteuliwa kuwa mpishi wa uji wa watoto.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni sana. Msivue viatu jamani, ni uwanja tu."

Maana, wallahi, Salim dereva wetu alikuwa ameshaanza kuvua.

Sasa nisikilizeni. Niliviona vipande vya makombe ya baharini katika mchanga ule. Sitalificha hilo. Chaani iko juu, udongo wake si wa ufuoni, na mimi niliyesomea udongo niliona makombe nikajiambia kwamba Mombasa yote ni pwani. Tulikuwa na mahali pengine pawili pa kwenda siku hiyo, na mbaazi zilikuwa zinapoa. Tukachota sehemu kumi, kwa kina kile fomu inachotaka, upana wa vidole vitatu, hakikuzidi. Sikuketi. Sikuuliza nani anafagia.

Majibu yalitoka safi. Yalikuwa safi kuliko ua wa ofisi yetu wenyewe, na hilo peke yake lilitosha kumwamsha mtu aliyelala. Mimi nikatia sahihi, ofisi ikapiga muhuri, shule ikafunguliwa.

Mbaya zaidi, uwanja ule niliupenda. Katika kazi hii unahitaji mahali safi pa kulinganishia mahali pachafu, na mahali safi ni adimu. Nikauweka ule kuwa kipimo changu. Karibu mwaka mmoja baadaye, udongo wa kulinganishia ukaniishia, nikamwambia Salim tupitie tukachote mwingine. Ilikuwa safari ya ghafla, hatukuandika barua.

Tulifika wakati watoto wamepumzika. Kundi moja lilikuwa limechuchumaa kwenye pembe ya uwanja linapikapika, na vifuu vya nazi ndivyo sufuria. Msichana mmoja wa miaka minne, Neema, mjukuu wa Mama Kache, akanijia na kifuu kimejaa.

"Karibu uji," akasema.

Uji wenyewe ulikuwa udongo na maji, na ulikuwa mweusi. Nikasimama nacho mkononi. Uwanja mweupe namna hii, uji mweusi umetoka wapi? Nikainama. Watoto walikuwa wamefukua mashimo kama ya kaa. Chini ya mchanga, kiasi cha shubiri moja, palikuwa na udongo mweusi wenye majivu, vipande vya plastiki ngumu, na vijiwe vya kijivu vilivyokuwa vizito kuliko ukubwa wake. Salim akaokota kipande, akakigeuza, akanitazama.

"Wallahi, Daktari, hii ni betri."

Neema alikuwa ameshaonja uji wake. Ulikuwa umemganda midomoni.

Nilimkuta Mama Kache jikoni anakoroga uji wa kweli. Nikamwamkia.

"Mama, mchanga ule wa nje umetoka wapi?"

"Si tuliuleta mlipokuja nyinyi! Tulifagia wee, masizi hayaishi. Nikawaambia wenzangu, jamani, wageni watoke mbali waje wakanyage masizi haya? Tukachangishana, likaja lori zima."

"Lakini mama, sisi tulikuja kuyapima hayo masizi."

Akaacha mwiko. Alinitazama kama mtu aliyemkaribisha mgeni kisha mgeni akauliza choo kabla ya salamu.

"Mgeni haonyeshwi uchafu, mwanangu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mimi nilikuja, nikala mahamri, nikapima mchanga waliouleta kwa heshima yangu, nikaenda zangu. Nilimkasirikia Mama Kache kwa muda wa dakika moja. Kujikasirikia mwenyewe sijamaliza.

Nikachimba upya siku ile ile, kwa kina. Majibu ya safari hii mtayakuta katika faili. Ni mabaya kuliko yote niliyopata kuyashika. Nikaenda nayo kwa mkurugenzi, mbio, nikidhani shule itafungwa kesho yake.

"Ripoti ya kwanza ilifuata utaratibu?" akauliza.

"Ilifuata."

"Basi ni sahihi."

"Ni sahihi lakini si kweli, bwana mkubwa. Tulipima mchanga wa lori."

"Ripoti iliyopigwa muhuri haifutwi hivi hivi. Andika barua."

Nikaandika. Barua ikapanda ghorofa, ikashuka, ikakaa kwa mtu aliyekuwa likizo, ikapanda tena. Wiki ya tatu ilirudi mezani kwangu, na mtu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: *Kwa maoni ya mtaalamu aliyeandika ripoti.* Mtaalamu aliyeandika ripoti ni mimi. Nikachukua kalamu nikajibu kwamba mtaalamu alikosea, na kwamba mimi binafsi nimezungumza naye na amekiri. Hakuna aliyecheka. Barua ikapanda tena.

Wakati huo watoto wanaendelea kwenda. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilijua wanafika saa ngapi, wanapumzika saa ngapi, na wakipumzika wanacheza nini. Nilikuwa nimekwenda kwa mchungaji siku ya pili tu, naye kwa upole akaniambia niwaletee karatasi ya ofisi, kwani hawezi kufunga shule kwa maneno ya mdomo. Karatasi nilikuwa sina. Nilipoona barua imegeuka mwana asiye na baba, nikaamua kwenda Jumapili, baada ya ibada, kamati nzima ikiwapo.

"Bwana asifiwe, Daktari," mchungaji akanipokea. Kisha akainuka, akatoa ukutani ripoti yangu. Walikuwa wameitia katika fremu, na kioo juu.

"Daktari, sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulikuwa mgonjwa siku hiyo?"

"Sikuwa mgonjwa."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Sasa tuamini Daktari yupi, wa mwaka jana au wa leo?"

Lilikuwa swali la haki. Nikawaomba tutoke nje. Nikachukua jembe la bustani, mimi na gauni langu la kanisani, nikafukua mbele yao mpaka weusi ukatokea. Mzee mmoja wa kamati akachukua tonge la ule udongo, akalifinyanga, akasema udongo mweusi ndio wenye rutuba. Kwao wangeupandia mahindi.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilipiga kelele uwanjani mwa watu wa Mungu, siku ya Jumapili. Niliwaambia kwamba Daktari wa mwaka jana alikuwa na haraka na alikuwa na njaa, kwamba alipima lori la mchanga akaliita shule, na kwamba wakitaka kumshitaki nitawaandikia majina yangu matatu. Niliwaambia rutuba hiyo imo katika midomo ya watoto wao. Mchungaji aliinamisha kichwa, sijui kwa kunifikiria au kwa kuniombea. Kisha akasema jambo hili ni zito, na kamati italijadili kikao kijacho.

Kikao kijacho! Nilitamani kulia.

Mama Kache alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, na leso yake ameizungusha mabegani.

"Mwanangu, Neema anakula huu?"

"Anakula, mama. Nimemwona kwa macho yangu."

"Na sisi ndio tulioufunika."

"Mimi ndiye nisiyeufunua."

Alimwita mjukuu wake, Neema akaitika "Abee bibi", akamshika mkono wakaondoka.

Asubuhi ya Jumatatu watoto walifika shuleni wakakuta moto haujawashwa. Mama Kache hakuja. Akatumwa mtu kumwita, akajibu kwamba sufuria ni yake, mwiko ni wake, na hapiki mahali pale. Wakatafuta mpishi mwingine; kila waliyemwendea alikuwa ameshazungumza na Mama Kache. Siku ya tatu wazazi waliacha kuleta watoto, kwani wengi wao hutoka alfajiri kwenda bandarini na viwandani, na mtoto bila uji wa shule hashindi kutwa. Kamati haikuwa na haja tena ya kikao. Barua yangu ya kufuta ripoti ilipata muhuri baada ya uwanja kuzungushiwa mabati na watoto kuhamia ukumbi wa kanisa. Ofisi ilinitumia nakala, na kunipongeza kwa kufuata utaratibu.

Watoto walipimwa damu. Neema ni mmoja wa waliotibiwa. Ni mchangamfu, anaimba, anasumbua. Hesabu zinamkimbia, na mwalimu wake anasema kwamba akiambiwa mambo mawili moja hupotea. Huenda ni risasi. Huenda ndivyo alivyo, watoto wa namna hiyo wapo tele. Sayansi hainiruhusu kusema ni lipi kati ya hayo mawili, na bibi yake ameniuliza mara nyingi. Kila mara nimemjibu sijui, na kila mara nimelichukia neno hilo.

Kanisa likapata uwanja mwingine, mtaa wa pili. Kuupima kuliangukia juma langu la mwisho kazini. Mkurugenzi akasisitiza barua iende, basi niliipeleka mwenyewe kwa Mama Kache, nikamsihi mtu yeyote asiguse ufagio. Tulikuta uwanja una majani, mavi ya mbuzi na kiatu kimoja kibovu. Kina mama walisimama kando wakiangalia pembeni, kwa aibu, kama watu waliokutwa hawajavaa. Hapakuwa na chai. Safari hii niliketi, nikauliza nani alikuwa hapa kabla yao, nani anafagia, takataka zinakwenda wapi. Kisha tukachimba sehemu ishirini, tukashuka mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko.

Majibu yalitoka Alhamisi asubuhi. Yalikuwa mazuri, kila sehemu. Sikuyapeleka ghorofani. Niliyapeleka kwa Mama Kache, nikamkuta kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama. Nimeleta majibu. Uwanja ni safi, unaweza kupika."

"Marahaba." Hakuipokea karatasi, wala hakuangalia sahihi. "Mara hii mlichimba mpaka wapi?"

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mkurugenzi, profesa wala mfadhili aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikakunja mkono wa gauni nikamwonyesha kwenye kiwiko.

Aliutazama mkono wangu kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

"Chimbeni tena," akasema.

Nilikuwa nimebakiwa na siku moja tu ya kazi. Nikamwita Salim alete jembe.